Kusoma karatasi ya mgonjwa wa ubongo na neva: mwongozo kamili kwa anayemuuguza

Mgonjwa wa ubongo au mishipa ya fahamu akiruhusiwa kutoka wodini, hurudi nyumbani na karatasi. Humo kuna herufi kubwa zisizo na maelezo, namba zenye mkwaju katikati, na maneno marefu ya Kigiriki na Kilatini. Daktari aliyeyaandika yuko kwenye zamu nyingine, na anayebaki na karatasi ni binti, mke, mdogo wa mgonjwa au jirani aliyesoma kidogo. Mwongozo huu ni wa hao. Mwanafunzi wa uuguzi utamfaa, na hata mtu aliye ughaibuni anayemtafsiria mama yake mbele ya daktari asiyejua Kiswahili.

Usianze kwa kukariri orodha. Karibu kila neno la fani hii linajibu mojawapo ya maswali manne: ni wapi, ni upande gani, kimetokea nini, na kwa kiasi gani. Ukikutana na neno geni, jiulize kwanza linajibu swali lipi. Maana yake kamili inaweza kusubiri.

Hatua ya kwanza: pima maneno ya nyumbani

Mazungumzo mengi ya hospitalini huharibikia kwenye Kiswahili chenyewe kabla hata ya kufika kwenye Kigiriki, kwa maneno ambayo daktari na ndugu wote wawili wanadhani wanayaelewa.

Chukua mshipa. Mtu akisema "mshipa unamsumbua", huenda anasema mshipa wa damu, au mshipa wa fahamu yaani neva, au kano inayoshika msuli kwenye mfupa, na wengine humaanisha ngiri. Ongeza kila mara neno la pili: wa damu au wa fahamu. Kiharusi huanzia kwenye mshipa wa damu, ingawa kinachoharibika ni ubongo. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni, yakapita nyuma ya paja hadi wayo, ni ya mshipa wa fahamu. Karatasini yataitwa saiatika. Matibabu yake ni mengine kabisa.

Uti wa mgongo nao hubeba vitu viwili. Kuna mifupa, yaani pingili, na kuna kamba laini ya neva inayopita katikati ya pingili hizo, ambayo hapa nitaiita ugwe wa mgongo. Pingili inaweza kuvunjika ugwe ukabaki salama, na mtu akatembea tena baada ya wiki kadhaa. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi akaambiwa tu "umevunjika uti wa mgongo" hajaambiwa kitu anachohitaji kujua. Swali la kuuliza ni moja: ugwe umeguswa au haukuguswa?

Kisha kuna homa ya uti wa mgongo, yaani meninjitisi, jina linalofanya watu watazame mgongo wakati ugonjwa umekaa kwenye utando unaofunika ubongo na ugwe kwa pamoja. Mtoto mwenye homa kali, shingo iliyokakamaa na macho yanayokimbia mwanga asisubiriwe aseme mgongo unamuuma.

Ganzi ina sura mbili, na karatasi hutofautisha. Anestesia ni kutohisi kabisa. Parestesia ni kuhisi kisichokuwepo, kama kuchomwachomwa, kuwaka moto au sisimizi wanaotembea. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na zote mbili: usiku nyayo zinawaka hadi anatafuta sakafu ya baridi, mchana anakanyaga msumari na hajui mpaka aone damu. Ukisema tu "miguu inakufa ganzi", daktari amepata nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayookoa mguu.

Kizunguzungu kinahitaji kupasuliwa mara tatu. Chumba kinazunguka? Hiyo ni vertigo, na mara nyingi chanzo kiko sikio la ndani. Macho yanaingia giza na mtu anakaribia kuanguka? Hapo ni kuzirai, na moyo au presha vitaangaliwa. Kichwa kimetulia lakini mwendo unayumba kama wa mlevi? Hiyo ni ataksia, na ubongo mdogo ndio utakaochunguzwa. Mgonjwa yuleyule, neno lilelile, vipimo tofauti kabisa.

Degedege la mtoto mwenye homa halimaanishi kwamba ana kifafa. Kifafa ni pale mishtuko inapojirudia bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Mganga anapoandika aina ya mshtuko, maneno yake ni maelezo ya alichoambiwa na walioona. Toniki ni kukakamaa, kloniki ni viungo kutupwatupwa, na aina ya kuduwaa ni mtoto kukatika katikati ya sentensi kwa sekunde chache kisha akaendelea, jambo ambalo shuleni huchapiwa viboko kwa kudhaniwa ni uzembe. Kwa hiyo ukiona mshtuko, angalia saa, angalia ulianzia upande gani, na usitie kijiko mdomoni. Ukipita dakika 5 ni dharura, na jina lake karatasini ni status epileptikasi.

Hatua ya pili: jua ramani

Mfumo wa neva una sehemu mbili kubwa. Ya kati ni ubongo na ugwe wa mgongo. Ya pembeni ni neva zote zinazotoka hapo kwenda mwilini: jozi 12 kutoka kwenye ubongo na jozi 31 kutoka kwenye ugwe. Ukiona "CN" ikifuatiwa na namba ya Kirumi, ni zile jozi 12. CN II ni ya kuona, CN VII inaendesha misuli ya uso, CN VIII ni ya kusikia na mizani ya mwili, na CN X, vegasi, inashuka hadi moyoni na tumboni.

Kwenye ubongo, serebramu ni ubongo mkubwa wa juu, mahali pa fikra, lugha, hisia na amri za mwendo. Serebela ni ubongo mdogo wa nyuma, unaopanga mizani na wepesi wa viungo. Shina la ubongo ndilo linalounganisha vyote na ugwe, na ndilo linaloshika pumzi na mapigo ya moyo. Jeraha dogo hapo lina uzito kuliko jeraha kubwa kwingineko.

Vyote hivi vimefunikwa kwa tando tatu, dura, araknoidi na pia, na vimezungukwa na maji yanayofupishwa CSF. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku, kwa hiyo lazima yatiririke na kunyonywa muda wote. Njia ikiziba kwa mtoto mchanga, fuvu ambalo halijafunga hupanuka. Tunaita kichwa kikubwa. Karatasi huita hidrosefalasi. Tiba ya kawaida ni mpira mwembamba unaopeleka maji tumboni, unaoandikwa VP shunt. Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji Benjamin Warf aliendeleza njia ya kutoboa kijia kipya ndani ya ubongo wenyewe na kupunguza kiwanda cha maji hayo. Ukiona ETV kwenye faili la mtoto, ni kule kutoboa kijia.

Neno moja kuhusu kutolewa maji ya mgongo, kipimo kinachoandikwa LP. Wengi hukikataa wakiamini sindano itampoozesha mgonjwa. Kwa mtu mzima ugwe huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya L3 na L4 au L4 na L5 (L ni pingili ya kiuno), ambako kuna mizizi ya neva inayoelea majini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo alichomwa eneo hilohilo. Kukataa LP kwa mgonjwa anayeshukiwa meninjitisi ni kumwacha daktari abahatishe dawa.

Hatua ya tatu: soma herufi za pingili

Pingili huhesabiwa kutoka juu: C ni za shingo (7), T ni za kifua (12, wengine huandika D), L ni za kiuno (5), S ni za nyonga, zilizoungana. Neva hufuata herufi hizohizo, ila za shingo ni jozi 8 ingawa pingili ni 7, kwa hiyo usishangae kuona C8.

Kwa aliyeumia ugwe, herufi hizi ndizo zinazosema maisha yatakuwaje. Ugwe ukikatika shingoni, mikono na miguu yote huguswa. Ukikatika kifuani, mikono hubaki. Alama mbili za kukumbuka kwenye ngozi: chuchu ni T4 na kitovu ni T10. Mgonjwa anayehisi mguso mpaka kitovuni na chini yake hahisi kitu ana kiwango cha hisia cha T10, na unaweza kuthibitisha mwenyewe kwa ncha ya pamba. Kiwango hicho kikipanda juu kuliko kilivyokuwa jana, yaani eneo lisilohisi limeongezeka, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: upande

Ubongo wa kushoto unaendesha mwili wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto, kwa sababu nyuzi huvukana kwenye shina la ubongo. Kwa hiyo karatasi inayosema jeraha liko kushoto na udhaifu uko kulia haijakosewa. Rt au R ni kulia, Lt au L ni kushoto, na daima ni kulia na kushoto kwa mgonjwa. Kwenye picha ya CT au MRI tahadhari: upande wa kushoto wa mgonjwa huonekana kulia kwako, kana kwamba umesimama miguuni pake unamtazama.

Eneo la mwili lililoguswa hutajwa kwa kiambishi. Mono ni kiungo kimoja. Hemi ni nusu ya mwili, mkono na mguu wa upande mmoja. Para ni miguu yote miwili. Tetra au kwadri ni viungo vyote vinne. Baada ya hapo hufuata ukali: plejia ni kupooza kabisa, paresisi ni udhaifu. Basi hemiparesisi ni upande mmoja uliolegea, na paraplejia ni miguu miwili isiyotikisika. Kiswahili cha mtaani husema "amepooza" kwa yote manne, na ndugu hukata tamaa mapema kwa mtu aliyekuwa na paresisi tu, ambaye mazoezi tiba yangemfikisha mbali.

Hatua ya tano: vunja neno vipande

Hapa ndipo panapolipa. Jifunze mizizi michache na miisho michache, kisha uviunganishe.

Mizizi: ensefalo ni ubongo, kranio ni fuvu, meninjo ni tando, mielo ni ugwe, radikulo ni mzizi wa neva unapotoka kwenye ugwe, nyuro ni neva, spondilo ni pingili. Miisho: itisi ni kuvimba kunakotokana na maambukizi au na kinga ya mwili kujishambulia, oma mara nyingi ni uvimbe unaokua, patia ni ugonjwa kwa jumla, algia ni maumivu, sele ni kitu kilichotokeza nje, tomia ni kufungua, ektomia ni kukata na kuondoa. Mianzo: a au an ni kukosekana, dis ni kwa shida, poli ni nyingi, hipo ni pungufu, hiper ni kupita kiasi.

Sasa jaribu. Ensefalitisi: ubongo umevimba. Radikulopatia: mzizi wa neva unaugua, mara nyingi kwa kubanwa na diski, ile sahani laini iliyo kati ya pingili na pingili. Polinyuropatia: neva nyingi zinaugua, na kwa kawaida huanzia vidoleni mwa miguu. Kraniotomia: fuvu limefunguliwa. Mielomeningosele ndilo linalotisha watu, lakini livunje tu: ugwe, tando, kutokeza nje. Ni mgongo wazi, ule ambao asidi ya foliki kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo hupunguza uwezekano wake.

Itisi na oma zisikuchanganye kwa sababu Kiswahili huzitaja zote kwa neno uvimbe. Mimi husema "kumevimba" kwa itisi na "kuna kinyama" au "kuna uvimbe unaokua" kwa oma. Hata oma ina ukaidi wake: hematoma ni damu iliyoganda mahali, haina uhusiano na saratani. Na mielo hutumika pia kwa uboho wa mfupa, kwa hiyo mieloma ni saratani ya damu ya uboho na ugwe haumo. Mizizi hii ni msaada mkubwa, lakini si sheria.

Kundi moja la maneno yanayofanana linaweza kuua. Afasia ni kuharibika kwa lugha: mgonjwa hapati neno au haelewi analoambiwa. Disatria ni ulimi mzito. Lugha kichwani ni nzima. Disfagia ni shida ya kumeza. Nesi akiandika disfagia nawe ukasoma afasia, utamnywesha uji mgonjwa ambaye uji utaingia mapafuni. Angalia herufi moja baada ya nyingine, na uliza kwa mdomo: anaruhusiwa kula kupitia kinywani? Ukiona NGT, jibu liko pale: analishwa kwa mpira wa puani.

Kuhusu afasia, watu wa nyumbani husema "akili imeondoka". Haijaondoka. Paul Broca alionyesha mwaka 1861 huko Ufaransa, kwa mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alionekana kuelewa anayoambiwa, kwamba usemi una makao yake sehemu ya mbele ya ubongo wa kushoto. Usijadili mirathi mbele ya mgonjwa wa namna hiyo ukidhani hasikii.

Hatua ya sita: namba

GCS ni kipimo cha fahamu kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett huko Glasgow mwaka 1974. Kina sehemu tatu: E ni macho, hadi 4; V ni maneno, hadi 5; M ni mwendo, hadi 6. Jumla ni 15, na ya chini kabisa ni 3, kwa sababu kila sehemu huanzia 1. Asiye na dalili yoyote ya uhai atapata 3, kwa hiyo usisome 3/15 kama alama za mtihani na kusema "angalau kapata kitu". Kuanzia 8 kushuka chini huitwa koma.

Jumla peke yake inaficha mambo, kwa hiyo dai sehemu zake. M6 maana yake anafuata amri ("nyanyua mkono", akanyanyua). M5 anapeleka mkono pale anapoumizwa. E3 anafungua macho akiitwa; E4 anayafungua mwenyewe. V4 anaongea lakini amechanganyikiwa. Mwenye afasia atapata V ndogo hata kama yuko macho kabisa, na hapo jumla inamdhulumu. Mwelekeo una maana kuliko namba ya siku moja: aliyegongwa na bodaboda akashuka kutoka 15 hadi 13 ndani ya saa chache anahitaji daktari sasa hivi.

Nguvu za msuli huandikwa juu ya 5. Sifuri, msuli hautikisiki. 1, unatikisika lakini kiungo hakisogei. 2, kinasogea juu ya shuka lakini hakinyanyuki. 3, kinanyanyuka, ila ukikisukuma kidogo kinaanguka. 4, kinastahimili msukumo kwa kiasi. 5, kawaida. Kutoka 2 hadi 3 ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana: hapo ndipo mkono unapoanza kufika mdomoni.

Hatua ya saba: kukakamaa au kulegea

Kupooza kuna aina mbili na karatasi itakuambia. Spastiki ni viungo vilivyokakamaa, goti likigongwa linaruka kwa nguvu. Jeraha liko juu, kwenye ubongo au ugwe. Flasidi ni viungo vilivyolegea na kukonda; jeraha liko chini, kwenye chembe za neva zinazogusa msuli au kwenye neva zenyewe. Konzo, iliyowahi kuzuka Tarime, Tanzania, katika miaka ya 1980 kwa watu waliokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, ni paraparesisi ya kukakamaa. Polio ni ya kulegea. AFP, herufi zinazofuatiliwa na kila zahanati, ni kupooza kwa ghafla kwa kulegea kwa mtoto, na lazima kuripotiwe.

Kwa uso kuna jaribio jepesi. Mwambie mgonjwa anyanyue nyusi. Mdomo umepinda na paji la uso nalo upande huo halikunji? Huenda ni neva ya uso yenyewe, CN VII, hali inayoitwa kwa jina la Bell. Mdomo umepinda lakini paji linakunja pande zote? Fikiria kiharusi. Hata hivyo usitumie jaribio hili kubaki nyumbani.

Hatua ya nane: soma karatasi yenyewe

Tuchukue mfano: "CVA, Lt MCA infakti, Rt hemiparesisi, nguvu 2/5, afasia, GCS 13/15 (E3V4M6), HTN, ?AF, R/O DM."

CVA ni kiharusi. MCA ni mshipa mkubwa wa damu wa katikati ya ubongo, na hapa ni wa kushoto. Infakti ni sehemu iliyokufa kwa kukosa damu, yaani mshipa umeziba; kama ungepasuka ungeona ICH, damu ndani ya ubongo, na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda zingekuwa sumu. Ndiyo sababu picha ya CT hutangulia dawa. SDH na EDH ni damu nje ya ubongo, chini na juu ya dura. TIA ni kiharusi kilichopita chenyewe, na kinahitaji hospitali vilevile.

Upande wa kulia ni dhaifu, mkono haunyanyuki, lugha imeguswa. Vyote vinakubaliana na jeraha la kushoto, kwa hiyo karatasi inasimama. Anafungua macho akiitwa, anachanganya maneno, anafuata amri. HTN ni presha ya kupanda. Alama ya kuuliza mbele ya AF maana yake wanashuku mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio lakini hawajathibitisha. R/O ni kwamba wanataka kuondoa shaka ya kisukari. Watu hubeba magonjwa haya mawili nyumbani kama yaliyothibitishwa. Uliza ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imefanyika lini na ilisemaje, maana donge la damu likitoka moyoni, dawa ya kuzuia lingine ni tofauti.

Jambo la mwisho ni saa. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Bibi akisema "alikuwa mzima saa mbili asubuhi", karatasi iandikwe 08:00. Nimeona ikiandikwa 02:00, na kwa hesabu hiyo mgonjwa aliyefikishwa kabla ya adhuhuri anaonekana amechelewa saa nyingi. Anayetafsiri aseme saa kwa namna zote mbili, aongeze na tukio, "baada ya chai, watoto wameshakwenda shule", kisha aangalie kilichoandikwa kabla ya kuondoka mezani.